Gazeti lipi la Kifaransa limfae anayejifunza? Tathmini kwa msomaji wa Kiswahili

Kifaransa hakitamkwi kama kilivyoandikwa, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapokwama kabla hata hajaifikia maana. Lugha yetu imetuzoesha kuiamini herufi: kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Ukikutana na "ils parlent", ulimi unataka kuitamka ile "-ent" ya mwisho, kumbe imewekwa kwa ajili ya jicho tu. Kwa sikio, "il parle" na "ils parlent" havina tofauti. Mtu akisoma magazeti kimyakimya mwaka mzima hujijengea Kifaransa chake mwenyewe kichwani, na siku akifungua redio hayatambui hata maneno aliyoyasoma mara mia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hapa ni sauti: je, ninachokisoma naweza pia kukisikia? Kipimo cha pili ni msaada unaotolewa kwa maneno magumu, na kwa lugha gani. Majarida mengi ya wanaojifunza yanafafanua maneno kwa Kijerumani au Kiingereza. La Kiswahili halipo madukani. Cha tatu wengi hawakifikirii kabisa: je, habari yenyewe unaijua tayari? Anayesoma habari asiyoijua kwa lugha asiyoijua anapambana na magumu mawili kwa mpigo, na kwa kawaida huliacha gazeti ndani ya wiki mbili.

Le Journal en français facile, RFI

Hiki ndicho cha kuanza nacho, ingawa si gazeti la karatasi. Ni taarifa ya habari ya kila siku ya dakika 10 kutoka redio ya kimataifa ya Ufaransa, na maandishi ya kipindi kizima huwekwa kwenye tovuti ya RFI ya kujifunzia Kifaransa, bure. Ukitaka unayasoma kama gazeti, ukitaka unayasikiliza, na kilichoandikwa ndicho kilichosemwa, neno kwa neno.

Jina lake, "habari kwa Kifaransa rahisi", linapotosha kidogo. Wasemaji hawapunguzi mwendo sana. Wepesi uko kwenye maelezo. Likitajwa shirika, husemwa ni la nini. Likija neno gumu, hufuatwa na "c'est-à-dire", yaani "maana yake ni kwamba", kisha jambo lilelile hurudiwa kwa maneno ya kawaida. Sikio lako likishazoea kuisubiri hiyo "c'est-à-dire", umepata kamusi inayosema. Ngazi yake ya kweli ni B1, yaani ya kati (ngazi za lugha huanzia A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa). Aliye A2 atashika majina ya nchi, tarakimu na sentensi moja moja, na atadhani ana kasoro kwa sababu ameambiwa ni "facile". Hana kasoro, kipindi kiko juu ya ngazi yake kidogo.

Sisi tuna faida ambayo wanafunzi wa lugha nyingine nyingi hawana: RFI ina idhaa ya Kiswahili, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2010 kutokea Dar es Salaam. Habari kubwa za siku huwa zilezile. Tumia hivi:

1. Soma au sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwa Kiswahili, dakika tano zinatosha.
2. Sikiliza kipindi cha Kifaransa mara moja bila maandishi. Andika vitu vitatu tu: majina ya watu, majina ya mahali na tarakimu.
3. Chagua habari moja kati ya zile za siku, ile uliyoielewa nusu. Nyingine ziache.
4. Isikilize tena hiyo moja huku maandishi yako mbele yako. Palipo na maneno mawili yaliyounganishwa na sauti ("les‿otages", "ont‿annoncé"), weka alama ya upinde kwa kalamu.
5. Toa maneno matano hadi manane. Usiandike "grève" (mgomo) peke yake. Andika "une grève", na chini yake "appeler à la grève", "être en grève".
6. Funga maandishi, eleza habari kwa sentensi tatu kwa sauti.

Kosa kubwa ni kufungua maandishi kabla ya sauti. Jicho likishapita, sikio halifanyi kazi tena, linafuata tu. La pili ni kutafsiri dakika zote 10: unatoka na maneno 60 kwenye daftari, na baada ya siku tatu yamebaki manne. La tatu ni tarakimu. "Quatre-vingt-douze" ni 92, lakini mwanafunzi huandika 4, kisha 20, kisha 12, na habari imeshapita. Zifanyie tarakimu mazoezi peke yake, hasa kuanzia 70 hadi 99. Walioko Kongo, Burundi na Rwanda wanaosema "septante" na "nonante", kwa desturi iliyoachwa na Wabelgiji, wajue kwamba redio za Ufaransa hazisemi hivyo.

Kuhusu bando: sauti ya dakika 10 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 10. Pakua asubuhi penye waifai, sikiliza kwenye daladala.

TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, nayo kwenye sehemu yake ya kujifunzia Kifaransa, ina "7 jours sur la planète", ripoti za televisheni za kila wiki zenye mazoezi ya ngazi tofauti, na kwa wanaoanza kabisa kuna sehemu ya A1. Ni bure, mazoezi yamepangwa vizuri na unajisahihisha mwenyewe. Picha inasaidia sana kuelewa. Ubaya wake ni huohuo: picha ikikuonyesha mafuriko, hutahangaika kusikia neno "inondations". Mara ya kwanza geuza simu kifudifudi, sikiliza sauti tu.

Radio Okapi

Mswahili akiniuliza asome nini kwa Kifaransa baada ya RFI, simpeleki Paris, nampeleka Kinshasa. Radio Okapi ilianzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na inatangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kitshiluba. Tovuti yake ni ya Kifaransa: habari fupi, aya fupi, kila habari ikiwa na mahali, tarehe na msemaji aliyetajwa. Zinazungumzia Goma, Bukavu, Kalemie, Lubumbashi. Kwa mfanyabiashara anayepeleka mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Katanga, hizi ni habari za kazi yake. Maneno anayoyapata hapa (la douane, forodha; le poste frontalier, kituo cha mpakani; la pénurie, uhaba; le camionneur, dereva wa lori) atayatumia wiki hiyohiyo.

Angalizo moja. Kifaransa cha utawala cha Kongo kina msamiati wake: province, kisha territoire, kisha secteur au chefferie, kisha groupement, kisha village. Ukihamia magazeti ya Ufaransa utakuta région, département, commune, na mtu anayeitwa préfet. Ukichanganya, utafikiri "territoire" ni eneo lolote tu, kumbe kwa Kongo ni ngazi ya utawala yenye mkuu wake. Upungufu mwingine: maandishi ya habari si nakala ya kinachosomwa redioni, kwa hiyo huwezi kufuata neno kwa neno kama kwa RFI.

Magazeti ya watoto wa Kifaransa

Ushauri wa "anza na ya watoto" una ukweli nusu. Yako ya aina mbili, na tofauti yake haionekani kwenye jalada.

Aina ya kwanza ni magazeti ya habari. Play Bac Presse ina "Le Petit Quotidien" kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, "Mon Quotidien", lililoanza 1995, kwa wa miaka 10 hadi 13 hivi, na "L'Actu" kwa vijana. Yameandikwa ili yasomwe kwa dakika 10 kwa siku. Maneno magumu yanaelezwa papo hapo kwa Kifaransa chepesi, na maelezo hayo ndiyo yanayostahili pesa yako. Mfano wa namna maelezo hayo yanavyokuwa: "Grève : arrêt de travail décidé par des salariés". Kwa mstari mmoja umepata neno, na umepata pia njia ya kufafanua neno, jambo ambalo kwenye mtihani wa kuzungumza litakuokoa pale utakaposahau msamiati.

Kwa mtu mzima wa A2 ningechagua "Mon Quotidien". Lile la wadogo linajaa wanyama na mambo ya shuleni, na mtu mzima huchoka. Lakini jiandae: linamdhania msomaji kuwa mtoto anayesoma shule ya Ufaransa. "Collège" pale si chuo, ni shule ya miaka minne ya watoto wa miaka 11 hadi 15, na madarasa yanahesabiwa kushuka: sixième, cinquième, quatrième, troisième. Kwa hiyo "un élève de sixième" ni mtoto aliyeingia tu, mdogo kuliko wa troisième. Mwalimu wa Kenya au Tanzania asiyelisema hilo mapema atapata majibu ya ajabu darasani.

"1jour1actu" ya Milan, shirika la Toulouse lililo chini ya kundi la Bayard, ni gazeti la kila wiki kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, na video zake fupi za katuni, "1 jour, 1 question", ziko bure mtandaoni. Kila moja ni ya dakika moja na nusu hivi na inajibu swali moja: kitu hiki ni nini, kwa nini kile kinatokea. Kwa muundo, sijaona zinazozizidi: swali, historia kidogo, sababu, hali ya sasa. Mwalimu anaweza kujengea somo zima la dakika 40 juu ya video moja. Ila msimulizi anakwenda kasi, maneno mengi yamebanwa ndani ya muda mfupi. Punguza mwendo hadi 0.75 mara ya kwanza, rudisha kawaida mara ya tatu. Usiushushe hadi 0.5, sauti inaharibika na miunganiko ya maneno haisikiki tena.

Aina ya pili ni majarida ya hadithi, na hapa ndipo watu wanapoumia. "J'aime lire" ya Bayard, iliyoanza 1977 kwa watoto wa miaka 7 hadi 10, inaonekana nyepesi: maandishi makubwa, picha kila ukurasa, sura fupi. Mwanafunzi wa A2 anaifungua na kukuta "il prit", "elle fut", "ils vinrent". Hiyo ni passé simple, wakati uliopita wa kusimulia hadithi, ambao mtoto wa Kifaransa ameshausikia akisomewa kabla ya kulala, lakini kitabu chako cha kozi hakitaugusa mpaka B1 au baadaye. Basi mtu anatafuta "fut" kwenye kamusi, haioni, anafunga jarida. Dawa yake ni ndogo. Jifunze kwanza nafsi ya tatu tu, umoja na wingi, ya vitenzi kama kumi: fut/furent, eut/eurent, fit/firent, dit/dirent, prit/prirent, vint/vinrent, vit/virent, alla/allèrent, mit/mirent, put/purent. Nafsi nyingine utazikuta mara chache. Ukiwa na hizo, jarida linafunguka, na linafaa sana kwa wazazi Waswahili walioko Ufaransa au Ubelgiji ambao watoto wao wanasoma Kifaransa shuleni: mzazi na mtoto wanasoma kitu kimoja.

"Okapi" (miaka 10 hadi 15) na "Phosphore" (vijana wa sekondari), nayo ya Bayard, yana lugha ya vijana na maneno ya mtaani. Chukua haya baada ya B1.

Majarida ya wanaojifunza

"Écoute" ya Ujerumani ndiyo jarida la karatasi lililotengenezwa vizuri zaidi katika fungu hili. Kila makala ina alama ya ugumu, msamiati uko pembeni ya ukurasa uleule, na makala zina sauti. Lakini ufafanuzi wake ni wa Kijerumani. Kwa Mswahili anayeishi Berlin au Zürich ni kama dawa ya maradhi mawili. Kwa aliyeko Mwanza halina maana, hata akipewa bure.

Kwa shule kuna majarida ya Mary Glasgow, yanayopanda ngazi kwa mpangilio: Allons-y!, Bonjour, Ça va?, Chez nous. Yanauzwa kwa mafungu ya darasa na yana mwongozo wa mwalimu. Msaada wake ni wa Kiingereza, kwa hiyo shule za Nairobi na Kampala hazitapata taabu. Kurasa ni chache na picha ni nyingi. Ukinunua nakala moja peke yako nyumbani utaimaliza kwa saa moja na kujiona umepunjwa.

Mwalimu mwenyewe asome "Le français dans le monde", jarida la shirikisho la kimataifa la walimu wa Kifaransa, linalotoka tangu 1961. Lina karatasi za masomo zilizo tayari kutumika darasani. Si la mwanafunzi.

Magazeti makubwa, na pale yanapomtega Mswahili

Ukifika B2 unataka magazeti yenyewe. Nianze na jambo dogo ambalo limewachanganya wengi: "Le Monde" la karatasi hutoka Paris mchana likiwa na tarehe ya kesho yake, na toleo la mwisho wa wiki hubeba tarehe ya Jumapili na Jumatatu kwa pamoja. Ukiwa maktaba unatafuta habari ya tarehe fulani, angalia toleo la siku inayofuata.

Kwa wepesi wa lugha, usianze na Le Monde. "Ouest-France" la Rennes, gazeti la kila siku lenye mauzo makubwa kuliko yote Ufaransa, na "Le Parisien" yanaandika kwa sentensi fupi kuhusu ajali, hali ya hewa, bei, mahakama za wilaya. Hizo ndizo habari zinazoitwa "faits divers", na ndiyo shule bora ya nyakati zilizopita, kwa sababu zinasimulia nini kilitokea (passé composé) wakati nini kingine kikiendelea (imparfait). "Libération" lina vichwa vya habari vya mchezo wa maneno. Ukivielewa bila msaada, huhitaji tathmini hii. "Le Canard enchaîné", la kila Jumatano, liache mpaka C1. Limejaa mafumbo, majina ya utani na siasa za ndani.

Mitego sasa. Wa kwanza ni vichwa vya habari. Kiswahili kinaweka kitenzi: "Waziri ajiuzulu", "Bei ya mafuta yapanda". Kifaransa kinapenda kukigeuza kitenzi kuwa nomino: "Démission du ministre", "Hausse du prix du carburant". Mwanafunzi anatafuta kitenzi, hakioni, anadhani sentensi haijakamilika. Fanya zoezi hili kwa wiki moja: kila siku chukua vichwa vitano vya Mwananchi au Taifa Leo, uvigeuze kuwa nomino za Kifaransa. Kupanda ni "hausse", kushuka "baisse", kufunguliwa "ouverture", kukamatwa "arrestation", kifo "mort", kujiuzulu "démission". Maneno thelathini ya namna hii yatakufungulia sehemu kubwa ya ukurasa wa kwanza.

Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu unaelewa kinyume bila kujua. Tazama sentensi hii:

"Le suspect aurait quitté le pays lundi."

Aliyejifunza conditionnel (hali ya masharti) darasani ataisoma: "Mshukiwa angaliondoka nchini Jumatatu", na kwa Kiswahili "-ngali-" inamaanisha kwamba hakuondoka. Gazeti halisemi hivyo. Linasema: "Inadaiwa mshukiwa aliondoka nchini Jumatatu." Hii ndiyo conditionnel ya waandishi wa habari: mwandishi ana habari lakini hajaithibitisha. Kila "aurait", "serait", "auraient", "seraient" isiyo na "si" karibu yake, ijaribu kwanza kwa "inadaiwa" au "inasemekana". Kiswahili kina maneno kamili ya kazi hii, yatumie. Na angalia "selon" na "d'après" jirani yake. Mara nyingi ndipo chanzo kilipotajwa.

Wa tatu ni majina ya majengo. Mtanzania akisikia "Magogoni" na Mkenya akisikia "Jogoo House" hawafikirii mtaa wala jengo. Wafaransa nao hivyohivyo: l'Élysée ni rais, Matignon ni waziri mkuu, Bercy ni wizara ya fedha, le Quai d'Orsay mambo ya nje, la place Beauvau mambo ya ndani, le Palais-Bourbon ni Bunge, na l'Hexagone ni Ufaransa yenyewe. Tena mwandishi wa Kifaransa huona aibu kurudia neno, kwa hiyo mtu mmoja ndani ya makala moja atakuwa "le président", kisha "le chef de l'État", kisha "le locataire de l'Élysée". Usihesabu watu watatu.

Wa nne ni fedha. "Un milliard" ni bilioni moja. "Un billion" kwa Kifaransa ni trilioni. Mkato ndio nukta yao ya desimali: "3,5 millions" ni milioni tatu na nusu. Mfanyakazi wa benki au shirika akikosea hapa, anakosea mara elfu.

Kwa mpenzi wa soka, "L'Équipe" linaingia mapema kuliko magazeti yote ya siasa, hata kwa aliye B1 dhaifu, kwa sababu mechi ameshaiangalia. "Petit pont" ni tobo. "Lucarne" ni ile kona ya juu ya goli. "Prolongation" ni muda wa nyongeza, "tirs au but" mikwaju ya penalti, "un but contre son camp" ni kujifunga, na "mercato" ni kipindi cha usajili. Soma ripoti ya mechi uliyoitazama, siyo uchambuzi. Uchambuzi una lugha ya juu kuliko inavyodhaniwa.

"Courrier international", la kila wiki tangu 1990, hutafsiri kwa Kifaransa makala za magazeti ya dunia nzima. Kifaransa chake ni safi, ila makala ni ndefu. "Jeune Afrique", iliyoanzishwa 1960 na Béchir Ben Yahmed, sasa hutoka kila mwezi, na ni ya lazima kwa anayefanya kazi na Afrika Magharibi. Sentensi zake zina matabaka. Tenga saa nzima kwa makala moja.

Na ya jirani yasisahaulike. "Iwacu" la Bujumbura linaandika Kifaransa kilichonyooka kuhusu maisha ya Burundi. "Al-Watwan" la Comoro, la serikali tangu 1985, lina utamu wa pekee kwa msomaji wa Zanzibar, Lamu na Mombasa: mambo anayoyajua, kama harusi kubwa na nafasi ya wazee mjini, anayakuta kwa Kifaransa kama "le grand mariage" na "les notables".

Kulipa, kupata, na mtihani

Usiagize gazeti la habari la karatasi kutoka Ufaransa hadi Afrika Mashariki. Posta inakula pesa na habari inafika imepoa. Karatasi iagize kwa majarida ya hadithi tu, ambayo hayachachi. Matoleo ya zamani ya "J'aime lire" yaliyotumika yanafaa sawasawa na mapya. Habari zote chukua za kidijitali. Kabla ya kulipa, nenda Alliance Française iliyo karibu nawe, Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa au Kampala, uulize uanachama wa maktaba unakupa nini, karatasi na mtandaoni. Walioko Ufaransa waanze na médiathèque (maktaba ya umma) ya mtaa: magazeti yamepangwa pale na kuyasoma ukiwa ndani hakulipiwi.

Kama lengo ni DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa cha serikali ya Ufaransa, panga usomaji kwa saa ya mtihani. Kusoma kwenye B1 ni dakika 45, kwenye B2 ni saa 1. Kila sehemu ina alama 25, ufaulu ni 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata kama nyingine ziko juu. Kwa hiyo msomaji hodari asiyesikiliza yuko hatarini. Miezi mitatu kabla ya B2, fanya siku nne za wiki RFI kwa sauti, siku mbili makala moja ya maoni kutoka gazeti kubwa. Ya maoni, kwa sababu sehemu ya kuzungumza ya B2 inakutaka utetee msimamo kutokana na maandishi mafupi, na makala za habari tupu hazikufundishi "certes… mais", "force est de constater", "quant à".

Mwisho, ukurasa wa kujiandikisha. "Sans engagement" maana yake unaweza kuacha wakati wowote. Ukiona "1 € le premier mois, puis…" (euro 1 mwezi wa kwanza, kisha…), kinachofuata "puis" ndiyo bei yenyewe. "Tacite reconduction" ni kwamba mkataba unajirudia wenyewe na kadi yako itaendelea kukatwa bila kuulizwa. Neno la kusitisha ni "résilier". Tafuta hilo neno lilipo kwenye tovuti kabla hujaweka namba ya kadi. Kama njia yake ni barua ya posta peke yake, chukua gazeti lingine.